Mfanyakazi mpya haoni, na bosi anasema "mlipeni akae tu"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msimamizi wa ofisi ndogo hapa Langoni, Lamu. Kazi yetu ni kubuku vyumba kwa niaba ya nyumba za wageni za mjini na za Shela, na kupanga boti za kuwapokea wageni wanaoshuka kwa ndege Manda. Wanaokuja kwa basi tunawapokea Mokowe. Tuko watu saba, pamoja na bosi ambaye ndiye mwenye mali.

Hivi karibuni tulimwajiri kijana nitakayemwita Salim, ingawa si jina lake. Salim haoni kabisa. Ametoka Malindi, ana shahada, Kiingereza chake safi, na Kiitaliano alichokiokota huko kwao si cha kuombea maji tu, anazungumza na mgeni mpaka mgeni anacheka. Siku ya usaili aliwapita wote. Bosi akapendezwa, akampa kazi papo hapo kwa majaribio ya miezi mitatu.

Shida ilianza alipokaa mezani. Kompyuta yake ina sauti inayomsomea yaliyo kwenye skrini. Barua pepe anazisoma na kuzijibu upesi kuliko sisi. Lakini akifungua programu yetu ya kubuku, ambayo tulitengenezewa na fundi mmoja, ile sauti inamwambia tu kwamba hapa pana kitufe, na hapa pana kitufe, bila kumwambia ni cha nini. Tena wenye nyumba na manahodha wengi hututumia oda kwa WhatsApp, picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Hizo hazisomeki kwake. Basi tukampa simu apokee. Simu isipolia, anakaa tu na mikono mezani hadi saa kumi.

Wenzake nao hawajui wamfanyeje. Mmoja humshika mkono na kumvuta hata pale ambapo hakuomba. Muuza chai akija, humuuliza aliyekaa karibu naye, "Huyu naye anakunywa?" na Salim yuko hapo anasikia. Majuzi ndoo ya kupigia deki iliachwa kwenye ujia, akajikwaa akalowa suruali yote, na ofisi nzima ikapiga kimya. Wapo wanaomwita "yule kipofu" kana kwamba hana jina.

Kubwa zaidi, alipokea oda kwa simu, akaweka wageni wawili chumba kimoja usiku mmoja. Dada wa meza ya pili akairekebisha kimyakimya, akaniambia, "Tusimwambie, maskini." Na mwingine analalamika kwamba Salim anapendelewa, anapewa mshahara kama wao kwa kazi nusu.

Bosi nilipomweleza alisema, "Mlipeni akae tu, ni sadaka. Majaribio yakiisha tutamuaga kwa heshima." Roho yangu haikubali. Lakini sijui nianzie wapi, na naona haya kumuuliza mtu habari za macho yake. Nifanyeje?

Msimamizi, Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na bosi wako, maana neno lake ndilo lililonikaa kifuani. Sadaka ni jambo jema na mahali pake papo. Lakini Salim hakubisha hodi kwenu kuomba. Aliomba kazi, akahojiwa pamoja na wengine, akawashinda. Ukimchukua mtu aliyeshinda ukamkalisha bure, hata ukimlipa kila mwezi, umemnyima kile alichokuja kukitafuta. Na wenzake wanamwona amekaa, wanaamini kwamba hawezi, na baada ya miezi mitatu bosi atasema tulijaribu. Hamkujaribu bado.

Kwa kuwa bosi amelitazama jambo hili kwa jicho la dini, mkumbushe Ibn Umm Maktum, yule sahaba asiyeona ambaye sura ya Abasa ilishuka kwa ajili yake. Mtume (s.a.w.) hakumweka pembeni ale cha sadaka. Alimpa kazi ya kuadhini Madina pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja alipotoka alimwachia mji ausimamie. Na adhana yake ya alfajiri wanahadithi wametueleza ilivyokuwa: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kumekucha, kumekucha. Hebu litazame hilo. Kazi ile ilikuwa na kitu kimoja kinachotaka jicho, nayo ni nuru ya alfajiri. Hawakumpokonya kazi nzima kwa sababu ya kitu hicho kimoja. Mtu alimwambia kumekucha, naye akaifanya kazi yake.

Sasa rudi ofisini kwenu ujiulize, kitu kinachotaka jicho hapo ni kipi hasa? Kwa barua yako mimi naona viwili: programu ya kubuku, na zile karatasi zilizopigwa picha. Mengine yote, kuzungumza na mgeni, kupatana bei, kukumbuka nani anafika Manda kwa ndege gani, kumtuliza Mwitaliano aliyepotelewa na sanduku, Salim ameshawaonyesha kwamba anayaweza.

Lile la kuona haya liondoe leo. Humuulizi habari za macho yake, na wala huna haja ya kujua alipoteza vipi nuru au kama alizaliwa hivyo. Unamuuliza habari za kazi. Mkae wawili, faragha, umwambie: "Salim, nataka ufanye kazi yote uliyoajiriwa kufanya. Ni nini kinakuzuia, na huko ulikosoma mlikuwa mkifanyaje?" Mtu aliyefika hadi shahada bila kuona ameshavuka vikwazo vingi ambavyo wewe hujawahi kuviwazia, na ana majibu tayari. Anangoja kuulizwa, kwa sababu mgeni ofisini huogopa kuonekana msumbufu wiki za mwanzo.

Kisha mgeukie fundi wa programu. Ile sauti ya kompyuta haitazami picha ya kitufe kama unavyoitazama wewe. Inasoma jina ambalo fundi amekiandikia kitufe hicho ndani ya programu. Fundi akiweka kialama cha kalenda bila jina, wewe unaona kalenda, Salim anaambiwa "kitufe". Kwa hiyo kosa liko ndani ya programu, na mara nyingi kulisahihisha si kuijenga upya. Ni kuandika majina kwenye vitufe na visanduku, na kuhakikisha kila jambo linafanyika kwa kibodi bila kipanya, kwa sababu asiyeona hatumii kipanya. Mafundi wana mwongozo wa kimataifa kwa kazi hii, unaitwa WCAG. Mtajie, asikwambie kwamba ni jambo lisilojulikana.

Na usimpelekee lalamiko la jumla. Keti na Salim asubuhi moja, mwambie afungue oda mpya mwanzo hadi mwisho kwa kibodi, wewe uwe na kalamu. Kila sauti inapokwama, andika ni ukurasa gani na kitufe gani. Karatasi hiyo ndiyo ya kumtumia fundi, na muanze na yale machache ambayo bila hayo oda haiwezi kukamilika. Wakati mwingine mtagundua kwamba sehemu kubwa inasomeka vizuri, na kinachomzuia ni kisanduku cha tarehe peke yake.

Fundi akichelewa, msikae mkimngojea. Fungueni jedwali la Excel la pamoja, kila safu na kichwa chake: jina la mgeni, nyumba, chumba, tarehe ya kuingia, ya kutoka, boti, malipo. Sauti inalisoma bila shida. Jambo moja tu: kama mna ile tabia ya kupaka kijani oda iliyolipiwa na nyekundu isiyolipiwa, andikeni pia neno "imelipwa" au "bado". Rangi peke yake haimfikii Salim.

Zile picha za karatasi ni tabia tu, nayo inabadilika. Ziko programu za simu zinazosoma maandishi kwenye picha, lakini hati ya mkono mara nyingi zinaikosea, na oda ya mgeni haitaki kubahatisha. Waombeni wenye nyumba na manahodha waandike ujumbe wa kawaida, au warekodi sauti. Nahodha aliye majini atafurahia zaidi kurekodi sauti kuliko kutafuta kalamu. Atakayeshikilia karatasi yake, mmoja wenu amsomee Salim, dakika mbili zimekwisha.

Kuhusu gharama, bosi asitishike. Programu ya kusomea skrini iitwayo NVDA haiuzwi, hutolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh wa Australia, wote wawili hawaoni, kwa sababu zile za kununua zilikuwa ghali mno kwa watu wengi. Simu za Android nyingi nazo huja na TalkBack ndani yake. Pengine kitu pekee cha kununua ni hedifoni nzuri, aweke sikio moja kwenye kompyuta na jingine abaki nalo kwa simu na kwa watu. Mkisikia ile sauti inakwenda mbio hadi hamwelewi neno, msidhani mashine imeharibika. Waliozoea huisikiliza kwa kasi sana, na ndiyo maana barua pepe anawapita.

Sasa lile kosa la wageni wawili chumba kimoja. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa maana dada wa meza ya pili ametenda kwa moyo mwema na bado amemdhuru Salim. Kijana hajui kwamba alikosea. Kesho atakosea vilevile, na keshokutwa, na kila kosa litaandikwa kichwani mwa mtu mwingine wala si mwake. Siku ya kuagwa ataambiwa kazi haikwenda, naye hajapata kusikia hata mara moja kwamba kuna jambo haliendi. Mwite kama ungemwita mwingine yeyote, mwambie oda ilikuwa ya nani, ya lini, na iliingilianaje. Halafu muulize ilitokeaje. Mimi kwa kuisoma barua yako nashuku kwamba alipokea oda kwa simu bila njia ya kutazama kama chumba kimeshachukuliwa, kwa sababu programu ndiyo hiyo haisemi naye. Ikiwa ni hivyo, si uzembe wake. Ikiwa ni uzembe, mkaripie kama unavyowakaripia wenzake. Kukosolewa kwa haki ni sehemu ya kuheshimiwa kazini, nayo ni haki yake.

Wenzake wafundishwe, na si kwa hotuba. Muulize Salim kwanza kama angependa kuwaeleza mwenyewe au ungefanya wewe. Mambo yenyewe ni ya adabu tu. Ukiingia, sema ni nani umeingia, na ukiondoka useme unaondoka, asije akaendelea kuongea na kiti. Ukitaka kumuuliza jambo, anza na jina lake, na chai yake aulizwe yeye. Usiseme "kiko pale", sema "kiko mkono wako wa kuume, kando ya simu". Alichokiweka mahali asikiondoe mtu. Mlango uwe umefungwa kabisa au wazi kabisa, kwani ulio nusu ndio unaompiga mtu usoni. Na ile ndoo, jamani, ikae stoo. Hata anayeona angeweza kujikwaa.

Kumvuta mkono kukome. Asiyeona hashikwi, yeye ndiye anayeshika. Unamuuliza, "Nikuongoze?" Akikubali, unamgusisha nyuma ya mkono wako, atakushika juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako, hivyo mwili wako unamwambia kona iko wapi kabla hajaifikia. Mkifika kwenye kichochoro chembamba, na Lamu ndiyo mji wa vichochoro, peleka mkono huo nyuma ya mgongo wako, ataingia nyuma yako mpite mmoja mmoja. Kwenye ngazi simama kidogo useme kama inapanda au inashuka.

Kwa fimbo yake nyeupe atauzoea mji huu upesi kuliko mnavyofikiri. Magari ni ya kuhesabu, kuta ziko karibu, baraza zinamwonyesha njia, na kwato za punda anazisikia toka mbali. Kinachonitia hofu ni vitu vya usawa wa kifua na kichwa, kwa sababu fimbo inapapasa chini tu: boriti zilizobebwa na punda zikachomoza pembeni, mbao kwenye mkokoteni, dirisha lililofunguliwa kwa nje. Mitaro ya maji machafu nayo mwonyesheni ilipo wazi. Mpeni mtu amtembeze njia ya nyumbani hadi ofisini mara kadhaa mpaka aishike, na afike gatini pia, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka, kwa kuwa kupanda boti nyakati hizo mbili hakufanani. Kama kazi yake inahitaji kwenda Manda kupokea wageni, msimwondoe kwenye zamu kabla hajasema mwenyewe kwamba hataki.

Yule anayesema Salim anapendelewa, mjibu bila hasira. Ana haki ya kulalamikia kazi nusu, lakini nusu hiyo nyinyi ndio mliyompa. Kuhusu kupendelewa, taa za ofisi zinawashwa kwa ajili ya wanaoona. Salim hazimfai kwa lolote, na hajasema mnapendelewa. Kila mmoja anapewa kinachomwezesha kufanya kazi ile ile.

Bosi akitaka kusikia sheria, iko. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu katika kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo na kuachisha kazi. Ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imepisha mpya ya mwaka 2025. Mhasibu wenu aiangalie, maana mwajiri binafsi anaweza kuomba unafuu wa kodi. Salim mwenyewe, akiwa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata cheti cha msamaha wa kodi, hakatwi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Muulize kama amekishughulikia, vijana wengi huanza kazi bila kujua. Baraza hilo lina maafisa katika kaunti, na lina mfuko unaosaidia kupata vifaa. Lakini usianze na sheria. Bosi anayesikia sheria kabla ya kazi hujenga ukuta.

Mwendee na hesabu ya biashara. Mwambie una mfanyakazi anayezungumza na Waitaliano kwa lugha yao, anayejibu barua pepe kabla chai haijapoa, na kinachomzuia ni orodha ya vitufe ambayo tayari unayo mkononi. Mwombe miezi ya majaribio ianze kuhesabiwa siku programu itakapokuwa inasomeka, au angalau jedwali likishaanza kutumika, na mliandike hilo likubaliwe na Salim pia. Andikeni na vipimo: oda ngapi kwa wiki, makosa mangapi yanavumilika, ujumbe ujibiwe kwa muda gani. Viwe vile vile vya wenzake, pasiwe na hata kimoja kilicholegezwa. Mkutane naye kila wiki, muviangalie pamoja. Akivifikia, ana kazi. Asipovifikia baada ya kupewa njia ya kuvifikia, muageni kama mngemuaga mwingine yeyote, na mumweleze sababu kwa uwazi.

Shangazi